Nani Anamsemea Fundi

Saa kumi na mbili na dakika ishirini asubuhi cherehani ilikuwa inakwenda. Wapangaji wa nyumba ile ya vyumba sita wanakubaliana juu ya hilo, maana chumba cha fundi kilikuwa cha kwanza kutoka lango la ua, na mlio wake haukumwacha mtu alale. Ilikuwa Jumanne. Mlinzi wa ghala, mpangaji wa chumba cha pili, ndiyo kwanza alikuwa ametoka lindoni. Aligonga ukuta kwa kisigino cha kiatu.

"Fundi! Hiyo mashine hailali?"

"Ikilala, baba, nani atanilisha? Ziba masikio na pamba. Njoo uchukue huku, ipo bure."

Fundi alikuwa anashona mashati ya sare ya shule. Oda ilikuwa ya mashati arobaini. Thelathini na moja yalikuwa tayari, yamepigwa pasi na kupangwa mkekani kwa marundo mawili. Kitanda kilikuwa kimesimamishwa ukutani ili kupatikane nafasi ya kukatia vitambaa. Watoto watatu, waliolala chini usiku huo, walikuwa wamekwisha kunywa chai na kwenda shule. Mumewe, mchomeleaji vyuma, alikuwa mwezi wa pili sasa kwenye kazi ya daraja, mbali, na alikuwa ametuma fedha mara moja tu.

Saa kumi na mbili na nusu aliingia muuza mkaa wa nyumba ya jirani, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Mkaa. Alibeba kopo moja la mkaa kwa ajili ya pasi. Yeye na fundi walikuwa mashoga wa miaka kumi na mmoja. Walikopeshana chumvi, sabuni, hata viatu.

"Andika," alisema Mama Mkaa akimimina mkaa ndani ya pasi.

"Nimeandika kichwani."

"Kichwa chako kimejaa, kitamwagika. Hujavaa bado? Kikao cha kikundi saa mbili."

"Siendi."

Mama Mkaa aliweka kopo chini.

"Nisikilize, shoga," alisema fundi, bila kuondoa miguu kwenye pedali. "Yamebaki tisa. Mtunza stoo wa shule anakuja hapa saa sita kamili, na bahasha mkononi. Si kesho, si jioni. Saa sita. Asipoyakuta arobaini, oda anampa yule wa njia panda mwenye mashine tatu. Nikienda kwenye kikao watanifungia mpaka saa nne. Nitashona saa ngapi?"

"Na rejesho la mkopo?"

"Rejesho liko ndani ya hiyo bahasha. Nisemee. Saa sita na dakika moja nakuwekea mkononi, na kopo hili la mkaa juu yake."

"Anayesema ndiye anayelipa. Unajua."

"Ndiyo maana nakwambia wewe, simwambii mwenyekiti Jemedari."

Mama Mkaa alicheka kidogo. Akapuliza pasi mpaka mkaa ukashika moto, akaifunga mfuniko. Alipofika mlangoni alisema, "Nitaona."

Fundi alilichukua neno hilo kuwa ni ndiyo.

Kwenye pindo la nguo yake, kwenye fundo, Mama Mkaa alikuwa na fedha za aina mbili: rejesho lake la wiki, na bei ya gunia moja la mkaa. Lori la mkaa lilifika mtaani mara moja tu kwa wiki, Jumanne, kati ya saa tatu na saa nne, na dereva wake hakukopesha hata nduguye. Rejesho la fundi lilikuwa karibu sawa na bei ya gunia. Kumsemea kulikuwa na maana ya wiki nzima bila bidhaa.

Kuhusu kusemea, ni lazima ielezwe hivi. Kikundi kilikuwa na wanawake ishirini. Shirika la mikopo lilikikopesha kwa pamoja, na kila Jumanne saa mbili kilirejesha kwa pamoja. Mmoja akipungua, wote wamepungua. Mkutano haufungwi, hakuna anayeruhusiwa kutoka, na awamu inayofuata ya mkopo haitolewi kwa yeyote. Hayo yalikuwa kwenye karatasi za shirika. Lakini sheria ya kusemea wanawake waliitunga wenyewe. Mwaka wa kwanza kila asiyekuja alikuwa na wa kumwombea: leo kafiwa, kesho kaugua, keshokutwa kafiwa tena na mjomba yuleyule. Wakachoka. Wakaamua kwamba maneno yawe na bei. Mtu asipofika, mwenyekiti anauliza mara tatu: nani anamsemea? Atakayefungua mdomo, hata kwa neno moja, analipa rejesho la asiyekuwepo papo hapo, kisha anadaiana naye wenyewe kwa wenyewe. Wakinyamaza wote, kikundi kinakwenda nyumbani kwake kuchukua dhamana aliyoiandikisha. Na wa kwanza kuiwekea mkono dhamana ni mdhamini wake, ili lawama ianzie kwa aliyemleta.

Sheria hiyo ilifanya kazi. Kwa miaka minne kikundi kilikwenda kuchukua dhamana mara moja tu, kwa muuza viatu vya mitumba. Walimchukulia godoro. Mtoto wake alikuwa amelala juu yake ana homa. Walimbingirisha sakafuni, kwa taratibu, wanasema.

Dhamana ya fundi ilikuwa cherehani. Mdhamini wake alikuwa Mama Mkaa.

Saa mbili na dakika kumi mlango wa ukumbi ulifungwa. Ukumbi wenyewe ulikuwa chumba cha mabati nyuma ya duka la vifaa vya ujenzi, na mabenchi matano na meza moja. Kwenye meza alikaa afisa mikopo, kijana mwenye shati jeupe, kofia ya pikipiki miguuni pake. Alikuwa na adabu sana. Aliwaita wote mama zangu. Ufunguo aliuweka juu ya daftari.

Benchi la tatu lilikuwa na nafasi moja wazi.

Mwenyekiti alikuwa muuza samaki wa kukaanga, mwanamke mrefu mwenye mikono yenye makovu ya mafuta. Walimwita Jemedari, naye alikuwa anaitika. Alisimama.

"Fundi hayupo. Nani anamsemea?"

Wanawake walitazama nafasi iliyokuwa wazi.

"Labda anashona sanda yake," alisema muuza nyanya, na wachache wakacheka.

"Nani anamsemea?"

Mama Mkaa alikuwa anaangalia kucha ya dole gumba. Waliokaa naye wanakumbuka kwamba mkono wake wa pili ulikuwa umeshika pindo la nguo.

"Mama zangu," alisema afisa, "mimi sina haraka. Nina siku nzima. Ila kesho napeleka orodha ya mikopo mipya, na kundi lisilotimia halimo. Hilo si langu, ni la mfumo."

"Mara ya tatu," alisema Jemedari. "Nani anamsemea fundi?"

Jemedari alisubiri kwa muda ambao katibu wa kikundi anaukadiria kuwa dakika moja, akaketi.

Kwa saa nzima hawakufanya lolote. Jua lilipanda juu ya mabati. Muuza nyanya alikuwa ameacha matenga mawili sokoni juani, akayataja mara sita. Muuza maziwa alitaja maziwa. Mmoja aliomba atoke akajisaidie. Jemedari akamwambia ajisaidie kwa fundi. Saa tatu na robo lori la mkaa lilisikika likipita barabarani, na honi yake ya mara tatu. Mama Mkaa alisimama.

"Wewe unakwenda wapi?" aliuliza Jemedari.

"Lori langu."

"Kaa. Lori lako analizuia uliyemdhamini."

Akaketi. Saa tatu na dakika ishirini na tano Jemedari aliinuka tena, na safari hii hakuuliza kitu. Alichagua sita, akamshika Mama Mkaa kwenye kiwiko awe wa saba, na yeye mwenyewe akawa wa nane.

"Mimi sikuwatuma," alisema afisa akifungua mlango. "Iandikwe hivyo. Mimi nawasubiri hapa."

Alifunga tena nyuma yao, akatoa simu.

Kutoka ukumbini hadi kwa fundi ni mwendo wa dakika kumi. Walitumia sita. Njiani, kwa mujibu wa muuza maziwa, Mama Mkaa alisema mara mbili, "Tungoje kidogo," na mara zote mbili Jemedari alimjibu, "Tungoje nini? Una la kusema? Sema."

Saa tatu na dakika thelathini na moja mlango wa fundi ulipigwa teke. Haukuwa na komeo. Uligonga ukuta ukarudi.

Fundi alikuwa kwenye shati la thelathini na nane, anaunga mkono wa kushoto. Aliinua macho.

"Karibuni. Mmekuja kunisaidia vifungo?"

"Rejesho," alisema Jemedari.

"Saa sita. Kwani shoga hakuwaambia?"

Wote walimgeukia Mama Mkaa. Chumba kilikuwa cha mita tatu kwa tatu na nusu. Wanne walikuwa ndani, wengine mlangoni, na yeye alikuwa wa mbele kabisa, maana ndiye mdhamini.

"Niwaambie nini?" alisema. "Mimi hujaniambia neno."

Miguu ya fundi ilisimama kwenye pedali.

"Rudia."

"Hujaniambia neno."

"Haya, mmesikia," alisema Jemedari. "Mdhamini, weka mkono."

Mama Mkaa aliweka mkono wa kushoto juu ya cherehani, vidole karibu na sindano.

"Toa mkono," alisema fundi.

"Usitoe."

"Mashati mawili, Jemedari. Mawili na nusu! Nishushe kitanda mkae, mngoje. Shoga, toa mkono."

"Nasema usitoe!"

"Toa mkono."

Mama Mkaa hakutoa. Fundi alimkamata kifundo cha mkono, akamvuta vidole mpaka chini ya sindano, juu ya mkono wa shati uliokuwa pale, akaangusha kile chuma kidogo kinachobana kitambaa, akasukuma gurudumu kwa kiganja na kukanyaga pedali kwa miguu yote miwili. Sindano ilikuwa namba kumi na nane, ya kitambaa kizito. Ilipita kwenye kidole cha shahada mara nne. Mara ya tano iligonga mfupa ikakatika. Uzi ulikuwa mweupe na uliingia wote. Kidole kilikuwa kimeshonwa kwenye shati.

Mama Mkaa hakupiga kelele mara moja. Alijaribu kwanza kuvuta mkono, shati likaja nalo. Ndipo akapiga kelele, na mlinzi wa chumba cha pili akaamka.

Jemedari aliruka juu ya mkeka, akaokota pasi iliyokuwa juu ya kipande cha bati. Pasi ile ilikuwa ya chuma, ya uzito wa kilo tatu hivi bila mkaa, na mkaa ulikuwa umo. Pigo la kwanza lilimpata fundi begani. Mfuniko ulifunguka, makaa yakamwagika juu ya rundo la mashati. Fundi alianguka kutoka kwenye stuli, akainuka na mkasi wa kukatia, ule mkubwa, akamchoma Jemedari juu ya kiwiko, akauchomoa, akamchoma pajani. Jemedari alisema, "Ah, mama yangu," kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu aliyesahau ufunguo. Pigo la pili la pasi lilitua juu ya sikio la kushoto la fundi. Wote waliokuwa chumbani walilisikia. Muuza maziwa anasema lilikuwa kama mtu amevunja dafu.

Fundi alikaa chini.

"Cherehani!" alisema Jemedari. "Chukueni cherehani!"

Mashati yalikuwa yanaungua. Kitambaa kile hakiwaki sana; kinayeyuka na kutoa moshi mweusi. Muuza nyanya alibeba ndoo ya maji ya kunywa iliyokuwa pembeni akaimwaga yote juu ya mkeka, na sehemu ya maji ikampata fundi usoni. Huenda ndiyo iliyomwamsha. Wanawake watatu walikuwa wamekwisha kuinua cherehani pamoja na meza yake ya miguu ya chuma. Fundi alitambaa akakamata mguu mmoja wa meza kwa mikono miwili.

Walimburuta pamoja nayo. Kizingiti cha mlango kilikuwa na kimo cha shubiri moja. Aligonga kidevu pale akapoteza jino. Uani walimburuta hatua kumi na moja. Mlinzi alizihesabu baadaye kwa alama za mchanga. Waliokuwa pembeni walimkanyaga vidole kwa visigino. Mmoja alivua kandambili akampiga nayo usoni, pa, pa, pa, kama anaua mende, huku akisema, "Maziwa yangu! Maziwa yangu!" Wapangaji wengine watatu walikuwa wametoka na kusimama milangoni mwao. Hakuna aliyesogea. Mmoja alisema, "Ya kikundi hayo," akaingia ndani.

Mlinzi alitoka na kaptula na rungu.

"Mnaua mtu!"

"Tunadai, hatuui," alisema muuza nyanya.

Mlinzi alimpiga rungu la mgongoni. Muuza nyanya aliachia upande wake wa meza, meza ikalala, na kichwa cha cherehani kikatoka kwenye bawaba zake. Kilianguka juu ya mkono wa kulia wa fundi, kikabingirika, kikagonga ukingo wa saruji wa mfereji. Kilipasuka kuanzia tundu la mafuta hadi chini.

Hapo fundi aliachia mguu wa meza.

Walikusanya vyote. Jemedari alifunga paja lake kwa kitambaa cha sare kilichokuwa kimekatwa tayari kwa kola, akabeba kichwa cha cherehani mwenyewe kifuani, damu ikimtiririka hadi kwenye kandambili. Saa tatu na dakika arobaini walikuwa wametoka langoni. Tangu mlango upigwe teke zilikuwa zimepita dakika tisa.

Mama Mkaa hakuondoka nao. Alikaa karibu na bomba la uani, mkono umeinuliwa, shati likining'inia kwenye kidole. Mlinzi alimwinua fundi akamwegemeza ukutani, kivulini. Fundi alikuwa na fahamu. Alikuwa anaongea, na kila alichosema kwa nusu saa iliyofuata mlinzi alikisikia, kwa sababu alikuwa amechuchumaa kati yao.

"Yamebaki mangapi?" aliuliza fundi.

"Nini?"

"Mashati. Nenda kahesabu."

"Tulia kwanza, binti yangu," alisema mlinzi.

"Simwambii wewe, baba. Namwambia yeye."

Mama Mkaa aliingia chumbani. Walimsikia akikohoa kwa moshi. Alirudi baada ya muda.

"Kumi na tisa hayakuguswa na moto. Mengine yana majivu, labda yafuliwe. Mengine..."

"Saa ngapi?"

Mlinzi aliangalia saa yake. "Saa nne kasoro dakika tano."

"Mapema bado," alisema fundi. Alifuta mdomo kwa mkono wa kushoto. Wa kulia alikuwa ameuweka pajani kama kitu cha mtu mwingine. "Mwenye mashine tatu ataniazima moja mpaka saa sita. Mwambieni nitamlipa."

Barabarani lori la mkaa lilipita likirudi, tupu, likapiga honi mara tatu.

"Lori lako," alisema fundi.

"Limeisha," alisema Mama Mkaa.

"Ulikuwa nayo?"

Mama Mkaa hakuuliza nini. "Nilikuwa nayo."

"Iko wapi?"

Alimwonyesha fundo. Fundi aliliangalia, akatabasamu au akakunja uso. Mlinzi hana hakika. Kisha akatapika. Baada ya hapo maneno yake hayakueleweka vizuri. Alisema jambo kuhusu vifungo, kwamba viko kwenye kopo la maziwa ya unga. Jicho lake la kushoto lilikuwa na mboni kubwa kuliko la kulia. Saa nne na dakika ishirini alilala, akaanza kukoroma, na mlinzi, aliyewahi kumwona mtu aliyepigwa nondo kichwani kule ghalani, alijua kukoroma kule si kwa usingizi.

Wakati huohuo ukumbini afisa mikopo alikuwa anakagua cherehani. Alipitisha kidole kwenye ufa.

"Mama zangu, hii imekuwa chuma chakavu."

Waliita mnunuzi wa vyuma kutoka ng'ambo ya barabara. Alipima kichwa na meza kwa pamoja, akataja bei. Haikufika nusu ya rejesho. Jemedari, aliyekuwa amekaa sakafuni mguu umenyooshwa, aliamuru kila mmoja aongeze. Waliongeza. Kila mmoja alitoa kidogo sana; muuza maziwa anasema ni pungufu ya bei ya kikombe kimoja cha maziwa. Rejesho la Mama Mkaa, ambaye hakuwepo, walilichangia papo hapo bila kuuliza swali lile mara tatu. Saa nne na dakika thelathini na tano afisa aliandika neno imetimia, akatia saini, akafungua mlango. Wanawake walikwenda sokoni. Jemedari alibebwa kwenye pikipiki ya afisa hadi kwenye duka la dawa.

Mlinzi na Mama Mkaa walimpakia fundi kwenye mkokoteni wa mkaa. Ulikuwa wa Mama Mkaa na ulikuwa hauna mzigo. Walitandika gunia. Mlinzi alivuta, Mama Mkaa alisukuma kwa mkono mmoja, na lile shati, kwa kuwa hakuna aliyethubutu kulikata, alilitupia begani. Walifika zahanati saa tano na dakika tano.

Muuguzi alimkagua fundi macho kwa tochi, akatoka haraka, akarudi na fomu.

"Huyu anakwenda hospitali kubwa, sasa hivi. Gari lipo, mafuta hakuna. Ndugu wachangie mafuta. Mume yuko wapi?"

"Kazini, mbali," alisema mlinzi.

"Ndugu?"

Mlinzi aliinua mabega. "Mimi mpangaji tu."

"Sasa nani anamsemea?"

"Mimi," alisema Mama Mkaa.

Muuguzi aliangalia shati lililoning'inia kwenye kidole chake. "Wewe nani wake?"

"Shoga yake. Mimi ndiye namsemea."

Hakuweza kufungua fundo kwa mkono mmoja. Alilifungua kwa meno. Aliweka zote mezani, za rejesho na za gunia, na muuguzi akachukua za mafuta, akamrudishia zilizobaki, ambazo zilikuwa zaidi ya nusu. Alimwandika kwenye mstari wa msimamizi wa mgonjwa. Dereva alitumwa na galoni. Muuguzi akachukua mkasi mdogo, akakata uzi sehemu tano, akalitenga shati na kidole. Kipande cha sindano kilikuwa bado ndani ya mfupa. Wakati anakitafuta kwa koleo, kitanda cha pili kiliacha kukoroma.

Dereva alirudi na mafuta saa tano na dakika thelathini na nane. Saa ya kifo iliyoandikwa kwenye daftari la zahanati ni saa tano na dakika thelathini na mbili.

Saa sita kamili mtunza stoo wa shule aliingia langoni mwa ile nyumba ya vyumba sita, bahasha mkononi. Mlango wa chumba cha kwanza ulikuwa wazi. Alipiga hodi mara tatu.